Usa River ikipimwa viwanja, miti nayo ipimiwe

Usa River si kijiji tena. Makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Meru yako hapa, barabara kuu ya Arusha–Moshi inakatiza katikati, na mashamba ya jana leo ni viwanja. Mjenzi huanza kwa kusafisha eneo, yaani kukata kila kilichosimama. Nyumba ikiisha, ndipo hutafuta mche wa mapambo wa kupanda getini.

Ujuzi wa kufanya vinginevyo tunao. Shamba la Mmeru ni msitu uliopangwa: juu mringaringa na mruka, chini yake migomba, kisha kahawa, na kando ya mfereji magimbi. Mvua ya masika hupita tabaka hadi tabaka, ikafika ardhini imepungua nguvu, ikazama. Ondoa miti hiyo, weka bati na sakafu, maji yaleyale yatashuka kwa kasi na kuchimba makorongo.

Pa kuanzia ni mtoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inalinda meta 60 kutoka kingo za mto. Wengi huiona kama katazo tu. Lakini ukanda huo ukipandwa mikuyu na miti mingine ya asili, ukaachiwa njia ya miguu, mji utapata msitu mrefu wenye kivuli kwa wanafunzi na wapita njia, na maji ya Mto Usa yatafika Mto Kikuletwa yakiwa na tope kidogo. Mikaratusi isipelekwe huko, inakunywa mno.

Nairobi walikaribia kuchelewa. Mwaka 1999 mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakizuia Msitu wa Karura usigawanywe kwa wajenzi. Leo watu hulipa kiingilio kutembea humo, na wanaoutumia ndio walinzi wake wa kwanza.

Mtaalamu wa misitu ya mijini, Cecil Konijnendijk, alipendekeza mwaka 2021 kipimo chepesi: kila nyumba ione miti 3, kivuli kifunike asilimia 30 ya mtaa, na bustani isizidi meta 300 kutoka mlangoni. Usa River inaweza kukifikia kwa gharama ndogo, mradi ramani ya mipango miji ichore kwanza mto na miti mikubwa iliyopo, viwanja vifuate. Kuubakiza mringaringa mpakani ni bure. Kupata mwingine wa kimo kile ni miaka mingi.