Wapenzi wa Kadodi na Embaire: Usikivu wa Umri Mzima na Kanda Adimu Mashariki mwa Uganda

Katika eneo la mashariki mwa Uganda, kuanzia Jinja, ambako Mto Nile unatoka katika Ziwa Viktoria, hadi Mbale, mji uliokaa chini ya mlima ambao wenyeji huuita Masaba na ramani huuandika Elgon, ipo desturi ya mtu kushikamana na kundi moja la muziki tangu ujana wake mpaka uzee, akalifuata linakopiga, akawajua wapigaji wake kwa majina na kwa mikono yao, na akahesabika kuwa mtu wa kundi hilo ingawa mwenyewe hajawahi kushika ngoma. Muziki wenyewe si ule unaotamba redioni na katika kumbi za Kampala, na mara nyingi kundi linalopendwa hivyo halijaingia studio hata mara moja. Katika mitaa ya Mbale kama Malukhu, ambako Wamasaba, ambao pia huitwa Wagisu, huchanganyika na majirani wa makabila mengine, kundi hilo aghalabu huwa la kadodi. Katika vijiji vya Busoga, upande wa Jinja, huweza kuwa la embaire. Waandishi wengi waliochunguza muziki wa nchi hii walishughulika na ala na wapigaji, wakampita msikilizaji, na hapo ndipo walipoacha nusu ya jambo.

Kadodi ni jina la seti ya ngoma zinazopigwa na watu wanaotembea huku wamezining'iniza kwa mikanda, na ni jina pia la uchezaji unaofuatana nazo, ambao nguvu yake yote iko kiunoni. Chimbuko la umaarufu wake ni imbalu, yaani jando la Wamasaba, ambalo hufanyika hadharani, mbele ya umati, katika miaka inayogawanyika kwa mbili, na ambalo ufunguzi wake hufanyika mwezi wa Agosti mahali paitwapo Mutoto, nje kidogo ya mji wa Mbale. Kabla ya siku ya kisu, kijana anayetahiriwa huzunguka kwa jamaa zake, wa upande wa baba na wa mama, akipokea zawadi na kupakwa unga na chachu ya pombe, na nyuma yake huenda ngoma na watu. Kadodi si muziki pekee wa imbalu: miezi kadhaa kabla yake huwapo isonja, ambayo ni mazoezi ya kuimba na kucheza yanayoongozwa na namyenya, yaani manju wa nyimbo, na baada ya jando kuna inemba, ngoma ya waliokwisha kutahiriwa. Hata hivyo, kadodi ndiyo iliyotoka nje ya jando ikaingia katika harusi, kampeni za uchaguzi na sherehe za washindi wa michezo, hata ikajulikana Uganda nzima na watu ambao hawajui Mutoto ni wapi.

Kundi la kadodi hukodishwa. Familia yenye kijana hupatana na wapigaji juu ya malipo na siku, kisha jukumu la kuujaza msafara huwa si la familia tena bali ni la wapenzi, nao hujikusanya bila kualikwa. Wanawake na wanaume hufunga leso au sweta kiunoni ili mzunguko wa mwili uonekane; wengine huitikia nyimbo; wengine humtunza mpigaji, yaani humpa fedha papo hapo kwa kusifu alilolifanya. Mpenzi wa miaka mingi hujulikana kwa jinsi anavyokaa karibu na ngoma fulani na kutembea nayo, kwa sababu yeye hasikilizi kelele ya jumla, husikiliza jinsi ngoma ndogo inavyojibizana na ile kubwa, na hutambua mara moja mpigaji akibadilishwa. Mbele ya masikio ya namna hiyo wapigaji hawawezi kupunguza kazi yao, na ni haki kusema kwamba ubora wa kundi hulindwa zaidi na watu wanaotembea kando yake kuliko unavyolindwa na malipo.

Kwa kuwa imbalu huja kila baada ya mwaka mmoja wa kati, mapenzi haya yana kalenda yake. Kila kundi la waliotahiriwa pamoja hupewa jina, ambalo mara nyingi hukumbusha jambo lililotokea mwaka huo, na mzee anayesimulia upigaji fulani huutaja kwa jina hilo la rika badala ya tarehe. Kumbukumbu ya muziki imefungwa hapo hapo kwenye kumbukumbu ya nani alisimama bila kupepesa macho mbele ya ngariba, nani alikuwa namyenya, na mvua ilinyesha au haikunyesha. Ng'ambo ya mpaka, Wabukusu wa Kenya, ambao ni ndugu wa Wamasaba, nao hutahiri katika miaka hiyo hiyo, kwa hiyo msimu mmoja hugusa pande zote mbili za mlima.

Embaire ya Wasoga inadai usikivu wa namna nyingine. Ni marimba makubwa ya magogo yaliyochongwa, ambayo hulazwa juu ya vigogo vya migomba na kupigwa kwa fimbo na watu kadhaa walioketi pande mbili wakitazamana, huku ngoma na manyanga vikifuatana nao. Katika kijiji cha Nakibembe huchimbwa shimo chini ya magogo ili sauti ivume. Mpangilio wake una sauti tano katika kila oktavu, zilizoachana kwa hatua zinazokaribia kulingana. Hakuna mpigaji mmoja anayepiga wimbo mzima: mmoja huweka mapigo yake, wa pili huyaingiza ya kwake katikati ya nafasi zilizoachwa, wa tatu huchukua sauti za chini, na wimbo huzaliwa katika mwingiliano huo. Gerhard Kubik, mtaalamu kutoka Austria aliyejifunza marimba ya Buganda kwa Evaristo Muyinda, alieleza mwanzoni mwa miaka ya 1960 jambo ambalo wasikilizaji wa nchi hii walikuwa wakiliishi siku zote, kwamba katika muziki wa aina hii sikio husikia nyimbo ambazo hakuna mkono wowote unaozipiga, kwa kuwa sauti za juu hujikusanya na kuwa wimbo wao, na za chini vivyo hivyo.

Jambo hilo ndilo linaloeleza kwa nini mtu huweza kulipenda kundi moja umri mzima bila kuchoka. Mgeni anayesikia embaire kwa mara ya kwanza husikia mvumo mmoja uliojaa, wenye mwendo wa kasi. Aliyeisikia tangu utoto husikia nyimbo mbili au tatu kwa pamoja, na maneno ya wimbo unaojulikana humjia hata kama hakuna anayeyatamka. Kila anaporudi, sikio lake huchagua njia tofauti ndani ya magogo yale yale. Kwa maana hii msikilizaji ni mmoja wa wanaoutengeneza muziki, na hapa Wasoga na Baganda wamefikia kitu ambacho kingestahili kutajwa miongoni mwa mambo makubwa yaliyobuniwa na binadamu katika sanaa ya sauti.

Kwa nini basi kanda za muziki huu ni chache? Sababu ya kwanza ni ya kiuchumi. Katika miaka ya 1960 kitovu cha biashara ya santuri katika Afrika Mashariki kilikuwa Nairobi, na waimbaji wa Uganda waliotaka kusikika, kama Fred Masagazi na Charles Sonko, walikwenda kurekodi huko. Makampuni yalitafuta gitaa na sauti zitakazouzwa mijini, na kundi la watu wanane wenye magogo yasiyobebeka halikuwa na nafasi katika hesabu hiyo. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, ambao walimiliki maduka mengi ya Jinja na Mbale, na bidhaa za aina nyingi, zikiwamo santuri, zikaadimika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, njia ya bidhaa kutoka Nairobi ikawa ngumu zaidi. Kaseti ziliposambaa, mtu aliyekuwa na kinasa sauti aliweza kurekodi sherehe ya jirani, lakini kaseti tupu iligharimu fedha, na iliyojaa ilifutwa ili irekodiwe jambo jingine. Kwa hiyo hazina ndogo iliyopo ilitoka kwa watafiti.

Mkubwa kati yao alikuwa Klaus Wachsmann, Mjerumani mwenye asili ya Kiyahudi aliyekimbia utawala wa Hitler na ambaye, tangu mwaka 1948 hadi 1957, alikuwa msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda. Alizunguka nchi nzima na mashine yake, akakusanya rekodi zaidi ya elfu moja, ambazo baadaye zilihifadhiwa London na sasa ziko katika Maktaba ya Uingereza. Hugh Tracey, aliyeanzisha nchini Afrika Kusini mwaka 1954 Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, naye alirekodi Uganda mwaka 1950 na 1952. Baada yao alikuja Peter Cooke, aliyerekodi naye muziki wa Uganda. Kazi yao ni ya kushukuriwa bila kusita, lakini ina upungufu uliotokana na vyombo vyenyewe: rekodi ilikuwa ya dakika chache, wakati upigaji huchukua saa nyingi, na kilichoachwa nje mara nyingi ni kile ambacho wapenzi hukingoja, yaani kipindi wapigaji wanapopata moto na watu wanapoanza kuwatunza.

Thamani ya masikio ya wazee katika jambo hili imeonekana wazi katika habari ya bigwala. Bigwala ni tarumbeta za vibuyu za ufalme wa Busoga, ambazo kila moja hutoa sauti moja tu, hata wimbo hauwezi kutimia bila watu watano au zaidi kupokezana. Falme za Uganda zilipofutwa mwaka 1967, shughuli za kifalme zilizoubeba muziki huu zilikoma, na UNESCO ilipouingiza mwaka 2012 katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, wazee waliobaki na ujuzi kamili walikuwa wanne. Juhudi za kuufufua, zilizoongozwa na James Isabirye wa Chuo Kikuu cha Kyambogo, zilianza kwa wazee hao na kwa vijana walioketi nao, huku mbegu za vibuyu vyenyewe zikipandwa upya. Vivyo hivyo, nakala za Wachsmann ziliporudishwa Uganda na kuwekwa Chuo Kikuu cha Makerere, katika hifadhi yenye jina lake iliyosimamiwa na Profesa Sylvia Nannyonga-Tamusuza, swali lililozuka ni jinsi ya kuzifikisha kwa jamii zilikotoka, kwa sababu daftari la mtafiti hutaja lugha, mahali na ala, ilhali mwenyeji akisikia hutambua ukoo, sherehe na pengine mtu.

Katika karne hii Jinja imepata wapenzi wa aina mpya. Mwaka 2015 Derek Debru na Arlen Dilsizian walianzisha tamasha la Nyege Nyege kando ya Nile, na mwaka uliofuata wakaanzisha kampuni ya muziki ya Nyege Nyege Tapes, ambayo hutoa kazi zisizo na nafasi katika soko la kawaida: singeli ya Dar es Salaam, nyimbo za harusi za Waacholi zilizotengenezwa kwa kompyuta na Otim Alpha, na mwaka 2023 albamu ya Nakibembe Embaire Group, ambamo katika baadhi ya vipande wapigaji wa Busoga wanashirikiana na wanamuziki wa Indonesia, nchi yenye ala zake za kupokezana mapigo. Wanunuzi wengi wa kaseti na santuri hizi wako Ulaya na Amerika, na kwao kitu huwa adimu kwa sababu nakala zake ni chache na zimehesabiwa. Kwa Msoga wa kijijini adimu ni neno la maana nyingine: wapigaji wako jirani, na kilicho mbali ni kanda yenyewe. Tamasha limepigwa vita na baadhi ya viongozi, kukiwamo jaribio la kulizuia mwaka 2018, kwa hoja ya kulinda maadili; wakati huo huo jukwaa hilo limezipa ala za Busoga heshima ambayo shule nyingi hazijazipa, na haki inadai mambo yote mawili yasemwe.

Huko Mbale kazi ya kutunza sauti imehamia mikononi mwa vijana wenye simu. Baada ya kila msimu wa imbalu rekodi za kadodi husambaa kwa kadi za kumbukumbu na kwa kurushiana, na wenye vibanda vya kompyuta huwajazia wateja nyimbo kwa malipo madogo. Redio za mji, kama Open Gate na Step, zilizozaliwa baada ya milango ya utangazaji binafsi kufunguliwa mwaka 1993, nazo hulipa sikio la Kimasaba nafasi yake. Rekodi hizi ni nyingi kuliko zote za Wachsmann, lakini huishi maisha mafupi, maana simu huibiwa, kadi huharibika, na faili hupewa jina la tarakimu ambazo hazimwambii mtu lolote kuhusu nani alipiga na kwa nani. Wapigaji hawalipwi kwa nakala hizo, na mpigaji aliyezeeka hana hati inayoonyesha kwamba mkono unaosikika ni wake. Mwenye kuweza kuthibitisha ni yule aliyetembea kando ya ngoma, na katika vikao vya malwa, pombe ya ulezi inayonywewa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja, simu huwekwa katikati, na wazee hubishana mpaka wapatane ni rika gani linalotahiriwa katika sauti hiyo, nani ameshika ngoma kubwa, na kijana mwenye simu huambiwa abadilishe jina la faili kabla hajaondoka.