Hati za Kaisari na Sheria ya 1963

Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961 ilirithi pia hati za mashamba ambazo aliyezianzisha alikuwa ameshaondoka zamani. Kwa amri ya Novemba 1895, Wajerumani walitangaza kuwa ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya Kaisari. Mkulima wa kimila hakuhesabiwa mwenye ardhi bali mkaaji tu. Hapo ndipo walowezi walipokatiwa mashamba Usambara, Tanga, Kilimanjaro na Meru, mengi yakiwa ya milki ya kudumu, ya kurithiwa na kuuzwa bila ukomo.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza waliyatwaa mashamba hayo kama mali ya adui, wakayauza. Sheria ya Ardhi ya 1923 iliweka hati mpya kwenye ukomo wa miaka 99, lakini milki za kudumu zilizokuwapo haikuzigusa.

Aliyezigusa ni Bunge la nchi huru. Mwaka 1958, katika kijitabu chake Mali ya Taifa, Nyerere alikuwa amekwisha kupinga ardhi kufanywa bidhaa. Sheria ya 1963 ikageuza kila milki ya kudumu kuwa pango la Serikali la miaka 99, lenye kodi na masharti ya kuendeleza shamba. Sheria ya 1969 ikayageuza mapango hayo kuwa haki ya kumiliki kwa muda uliosalia.

Sheria ya 1963 naiona kuwa kazi ya busara kubwa. Mwenye shamba alibaki shambani, ila haki aliyoishika ikawa nyingine, na yote kwa kalamu moja. Marekani, ilipoitwaa California kutoka Mexico, ilipita njia tofauti: sheria ya 1851 ilimtaka kila mwenye hati ya zamani aithibitishe mbele ya tume. Kwa wastani shauri moja lilichukua takriban miaka 17, na familia nyingi zilimaliza mashamba yao kwa kuwalipa mawakili.

Hata hivyo sheria yetu iliamua kati ya Serikali na mwenye hati tu. Aliyekuwapo kabla ya hati hakuulizwa. Wameru waliofukuzwa Engare Nanyuki mwaka 1951, ambao Kirilo Japhet aliwasemea Umoja wa Mataifa mwaka uliofuata, waliujulisha ulimwengu kwamba chini ya mashamba ya walowezi kulikuwa na makazi ya watu. Kubadili aina ya hati peke yake hakumrudishii mtu kihamba chake, yaani shamba la ukoo wake.

Miaka 99 iliyoanza kuhesabiwa 1963 itakwisha 2062. Wabunge wasingoje siku hiyo. Waandike sasa, kwa lugha isiyo na utata, kwamba shamba la namna hiyo muda wake ukiisha, au likitwaliwa kwa kutelekezwa, kijiji kinachopakana nalo ndicho kitakachosikilizwa kwanza kabla ya mwekezaji yeyote.