Tujifunze Kuchora Mstari

Lililetwa mbele yetu, katika ofisi ya tawi, shauri la kabati. Seremala mmoja alikuwa ametengeneza kabati la mninga la milango miwili, kazi safi isiyo na doa, na mteja wake akakataa kulipa fedha zilizobaki kwa hoja kwamba alilolitaka silo hilo. Mteja alisema aliagiza droo ziwe chini ya milango. Seremala alisema aliagizwa ziwe ndani. Shahidi hakuwapo, maandishi yalikuwa maneno machache nyuma ya stakabadhi, na kila mmoja aliapa kuwa anasema kweli. Nasi tuliokaa kusuluhisha tulitambua, baada ya saa mbili za maneno, kwamba wote wawili walikuwa wakisema kweli. Kila mmoja alikuwa na kabati lake kichwani, na makabati hayo mawili hayakuwahi kukutana mahali popote kabla ya ubao kukatwa.

Tukawaomba wachore. Mteja alichora mraba wenye msalaba ndani yake. Seremala, mtu mwenye uzoefu wa miaka mingi katika kazi yake, akachora kitu mfano wa mkate uliokaliwa, akaona haya, akaikunja karatasi. Tulitaka kucheka, mpaka mmoja wetu alipoichukua penseli ili aonyeshe inavyopasa kuwa, naye akatoa kitu kibaya kuliko vyote viwili. Kabati lilikaa karakanani miezi minne likila vumbi.

Tangu shauri hilo sisi wenyewe tumekuwa wanafunzi wa kuchora. Jioni mbili kwa juma tunakaa na seremala yule na vijana kadhaa mbele ya mzee mmoja aliyestaafu kazi ya kuchora ramani za majengo. Haya tunayoyaandika, basi, si mafundisho ya mabingwa. Ni habari za watu wazima waliorudi kwenye alifu kwa kijiti.

Neno hilo la alifu hatukulitumia kwa mzaha. Katika shule za serikali tulizosoma, kuchora kulihesabiwa kuwa kipaji: watoto wawili watatu walikuwa nacho, na wengine tuliambiwa tufute ubao. Lakini chuoni, tulikojifunza Kurani, hakuna mtoto aliyeambiwa kwamba hana kipaji cha alifu. Aliipigia mstari mara mia, ikafutwa, akaipiga tena, mpaka ikasimama. Na alifu ni nini kama si mstari mmoja mnyofu? Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, anasifiwa kwa kuzipa herufi za Kiarabu vipimo: nukta ya kalamu ikawa kipimo cha urefu wa alifu, na alifu ikawa kipimo cha herufi nyingine zote. Watu wale hawakuusubiri mkono uje na baraka zake, waliufundisha. Hatuoni sababu ya kuufanyia mkono wa seremala tofauti.

Somo la kwanza la mzee wetu lilitukera. Tulidhani tutachora nyumba na minazi. Yeye akatupa penseli na karatasi tupu, akatunyang'anya rula na raba, akasema tuweke nukta mbili na kuziunganisha. Mistari yetu ilitetemeka kama njia ya siafu. Akatueleza sababu. Mtu asiyezoea huchora mstari mrefu kwa kifundo cha mkono, na kifundo kwa maumbile yake huzunguka, kwa hiyo mstari hupinda. Mstari mfupi ndio wa kifundo. Mstari mrefu hutoka begani, mkono mzima ukisafiri pamoja. Pili, mwanafunzi huitazama ncha ya penseli, kama mwendesha baiskeli anayelitazama gurudumu lake. Yafaa jicho litangulie, litue kwenye nukta ya mwisho, na mkono ulifuate. Tatu, kabla ya kugusa karatasi, penseli ipitishwe hewani mara mbili tatu juu ya njia itakayopita. Kisha mstari upigwe mara moja, bila kusita katikati.

Na ukikosea? Hapo ndipo penye taabu yetu kubwa, hasa sisi tuliozoea kusahihisha kumbukumbu za mikutano. Mkono wa mgeni hurudi juu ya mstari uleule, ukiongeza vipande vifupi vifupi, mpaka mstari unaota manyoya. Mzee hakubali. Anasema mstari mnyofu ulioikosa nukta ni bora kuliko mstari unaotetemeka ulioipata, kwa kuwa kulenga kutakuja baadaye, lakini woga ukishazoeleka mkononi hautoki. Penye mwelekeo mgumu, igeuze karatasi wala usiupinde mkono. Kurasa mbili kila siku, nyuma ya matangazo ya zamani, na baada ya wiki tatu mistari yetu ilianza kuacha kutetemeka. Seremala, ambaye bega lake limesukuma randa maisha yake yote, alitupita wote katika siku tisa, na hatukuona wivu. Au tuseme, hatukuuonyesha.

Mkono ukishatii, lipo swali la jicho. Kila mtu anajua kwamba kitu cha mbali huonekana kidogo, ila anapochora huandika anachokijua badala ya anachokiona. Anajua meza ina pembe nne sawa, basi huzichora sawa, na meza ikasimama wima kama mlango. Ili kutuonyesha kosa hilo mzee alitupeleka shambani, katika mkonge, zao lililoingizwa nchini mwaka 1893 na ambalo hakuna mtu wa Tanga asiyelijua. Tulisimama kwenye njia katikati ya mistari ya mimea. Mistari ile ilipandwa sambamba, lakini mbele yetu yote ilielekea mahali pamoja na kukutana katika nukta moja, pale ambapo ardhi inaishia machoni. Akatuamuru tuchutame. Nukta ikashuka pamoja nasi! Mwenzetu mmoja akapanda juu ya trekta, akapaza sauti kwamba kwake imepanda.

Siri yote imo humo. Upeo wa macho uko sawa na kimo cha jicho la mtazamaji. Si kitu cha nchi, ni cha yeye anayetazama. Mistari iliyolala sambamba na ardhi, ikienda mbali nasi, yote hukutana kwenye upeo huo: iliyo chini ya jicho hupanda kuufuata, iliyo juu ya jicho, kama kenchi za paa, hushuka. Tukilitazama kabati uso kwa uso, nukta moja yatosha. Likitugeuzia pembe, nukta zinakuwa mbili, kushoto na kulia, na nguzo zake hubaki wima. Nukta hizo zikikaribiana mno kabati huonekana kama linataka kumwangukia mtu. Sisi tulizitoa nje ya karatasi, tukaweka misumari juu ya meza na kufunga uzi.

Elimu hii ina historia ndefu. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra wa karne ya 10, alieleza katika kitabu chake cha elimu ya kuona kwamba jicho halitoi miali bali hupokea nuru itokayo kwenye vitu. Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kilatini na kusomwa Ulaya. Mwanzoni mwa karne ya 15, huko Florence, Brunelleschi alichora jengo la ubatizo la mji huo kwa usahihi hata akatoboa tundu katika mchoro, ili mtu achungulie kutoka nyuma na kuuona katika kioo. Mwaka 1435 Alberti aliziandika kanuni zenyewe, akiufananisha mchoro na dirisha. Sisi tulilifanya dirisha hilo kweli: fumba jicho moja, usitikise kichwa, na uchore kwa kipande cha sabuni juu ya kioo yale unayoyaona nje. Watoto wa jirani walijifunza kwa njia hii upesi kuliko kwa maneno yetu yote.

Kijana mmoja alipinga. Alisema Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za mafuta juu ya vipande vya ubao, hakuhitaji nukta ya makutano, na wanyama wake wamefika dunia nzima. Na kwamba Sam Ntiro aliwapanga watu wake juu ya milima bila kujali kanuni za Florence. Ni kweli, na tunamshukuru kwa kutukumbusha. Mchoro wa chui hauhitaji kuonyesha droo ziko wapi. Lakini seremala akimwonyesha mteja kabati lililochorwa bapa kama chui wa Tingatinga, tutakutana tena ofisini.

Sasa tuko kwenye mdomo wa mtungi, ambao hugeuka yai jembamba unapokaribia kimo cha jicho, na ambao sisi bado tunauchora wenye ncha mbili kama mtumbwi. Seremala ametangulia. Juzi alituletea mchoro wa meza ya ofisi ya tawi, meza yetu wenyewe, aone kama tunaafikiana. Mguu mmoja wa nyuma ulikuwa umeshuka chini kuliko wa mbele, nasi tulitaka droo ihamie upande wa kulia. Akaketi, akapitisha penseli hewani mara mbili, akausahihisha mguu na kuihamisha droo pale pale. Ubao alikuwa bado hajaununua.