Ndege Iliyolala Kinamasini na Haki ya Wenye Ardhi

Sisi watu wa visiwani twaijua vyema hukumu ya kiokotwa. Tulipokuwa chuoni tulifundishwa kwamba mtu akiokota kitu cha thamani hana budi kukitangaza mwaka mzima, ili mwenyewe apate kujitokeza. Lakini mwalimu wetu hakutueleza ifanyweje iwapo kilichookotwa ni ndege ya vita yenye injini nne, iliyoachwa na jeshi la taifa kubwa katika ardhi ya taifa dogo. Suala hilo liliwakuta wenzetu wa Papua New Guinea, nao ni watu wa visiwa, na yafaa wananchi pamoja na watumishi wa serikali walitazame kwa makini.

Mwezi wa Februari, 1942, ndege za Marekani za aina ya B-17 ziliruka usiku kutoka Townsville, Australia, kwenda kuipiga bandari ya Rabaul ambayo Wajapani walikuwa wameiteka mwezi mmoja tu uliotangulia. Moja kati yake, iliyokuwa mikononi mwa rubani Fred Eaton, iliishiwa na mafuta wakati wa kurejea. Rubani akaona chini yake uwanda wa majani mabichi, akadhani ni shamba la nafaka, akaishusha kwa tumbo bila kutoa magurudumu. Kumbe palikuwa ni kinamasi cha Agaiambo, majani yameota juu ya maji! Watu wote tisa walitoka hai. Walitaabika siku kadhaa ndani ya maji na malaria ikawashika, na lau si wenyeji waliowapokea na kuwapitisha, pengine wasingalifika Port Moresby. Wanaoisimulia ndege hii aghalabu huwapita wenyeji hao kwa haraka, kana kwamba walikuwa sehemu ya miti na mito ya nchi ile.

Ndege ikabaki pale pale miaka 30. Mwaka 1972 askari wa Australia waliokuwa katika helikopta waliiona, wakakuta umbo lake zima na bunduki zake zingali mahali pake. Haikuwa imeungua, na maji yaliyoizunguka hayakuwa ya chumvi, wala hapakuwa na njia ya kuifikia kwa gari. Ikaitwa Mzimu wa Kinamasi. Tangu hapo ikawa na wageni, na kila mgeni akaondoka na kijisehemu chake.

Thamani yake si ndogo. B-17 zilitengenezwa 12,731, lakini baada ya vita nyingi mno zilikatwakatwa zikawa vyuma chakavu, na zilizosalia ni chache. Kwa hiyo haikustaajabisha kwamba mwaka 2006 kundi la wataalamu kutoka Marekani lilifika, likaifungua mabawa na injini, likaiinua kipande kwa kipande kwa helikopta hadi kwenye tishari, na kuipeleka bandari ya Lae. Walikuwa na mkataba na makumbusho ya taifa ya nchi ile, kwa malipo yaliyotajwa kuwa dola 100,000.

Hapo ndipo kelele zilipoanza. Kamati ya Bunge inayokagua hesabu za serikali ilihoji uhalali wa mkataba ule: je, makumbusho yaliyopewa dhamana ya kulinda yana mamlaka ya kuuza? Ndege ikazuiliwa bandarini zaidi ya miaka mitatu. Mwaka 2010 ikaruhusiwa, ikaenda California, na tangu mwaka 2013 imo katika makumbusho ya ndege ya Pearl Harbor, kisiwani Oahu.

Tusiwe wepesi wa kuwalaumu waliochukua. Kazi ya kuokoa ndege za kale ni ngumu, tena ya gharama kubwa. Huko Greenland ndege ya aina ya P-38 ilitolewa mwaka 1992 chini ya barafu ya kina cha mita 80 hivi, kwa kuyeyusha shimo kwa maji ya moto, ikatengenezwa miaka 10 ndipo ikaruka tena. Nyingine ya aina ya B-29, iliyotua huko huko mwaka 1947, ilifungwa injini mpya ikawa tayari kuruka. Mwaka 1995 ikashika moto ikiwa bado ardhini, na kabla ya hapo fundi wake mkuu alikwisha kuugua kazini na kufariki. Ndege ya Agaiambo ingeachwa, ingekwisha kwa kutu na kwa mikono ya watalii.

Hata hivyo swali la haki halifutwi na swali la kutu. Jeshi la Anga la Marekani huzihesabu ndege zake zilizoanguka kabla ya Novemba 1961 kuwa zimeachwa, ilhali Jeshi la Majini la nchi hiyo hiyo hushikilia kwamba zake ni zake popote zilipo. Katika Papua New Guinea karibu ardhi yote ni ya koo. Basi ukoo wenye kinamasi uliketi upande gani wa meza siku mkataba ulipotiwa saini? Makosa, kwa maoni yangu, yalikuwa kuuliza neno hilo baada ya ndege kufika bandarini.

Nasi tunahusika. Mwaka 1914 na 1915 ndege za Waingereza ziliruka kutoka kisiwa cha Niororo na kutoka Mafia kuitafuta manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha katika delta ya Rufiji, na moja iliangushwa mtoni Julai 11, 1915. Mizinga ya manowari hiyo leo yaonekana Fort Jesus, Mombasa, na Pretoria. Mkataba wa UNESCO wa 2001 juu ya urithi ulio chini ya maji huhesabu vitu vilivyozama kwa miaka 100 au zaidi. Vita vile vimekwisha kuuvuka muda huo, na vile vya 1939 hadi 1945 vinaukaribia.

Manahodha na wavuvi wetu wazijua sehemu ambazo nyavu hunasa vyuma. Maofisa wa utamaduni na wa bandari wangeketi nao sasa, wakaziandika daftarini kwa majina ya miamba na ya vijiji, kabla hajafika mtu mwenye tishari na mkataba mkononi.