Mikoko ya Rufiji Iliponea Chupuchupu

Watu wengi wa Kawajense hawajaiona bahari. Samaki wetu ni dagaa na migebuka wa Ziwa Tanganyika, waletwao Mpanda kutoka Karema na Ikola. Mwaka 2024 ziwa hilo lilifungwa kwa uvuvi tangu tarehe 15 Mei hata 15 Agosti, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Basi sote twajua neno mazalia maana yake nini: ni mahali pa kutoguswa, pakiharibika sahani nayo itakuwa tupu.

Huko pwani pana mazalia mengine makubwa, na kisa chake chafaa kusimuliwa hata huku bara.

Mwenye kupanda gari moshi hapa Mpanda, akapita Kaliua na Tabora mpaka Dar es Salaam, kisha akashika njia ya kusini, atafika mahali ambapo mto Rufiji hugawanyika matawi matawi kabla ya kuingia baharini. Siku hizi ni wilaya ya Kibiti. Huko imeota mikoko, miti ya ajabu isimamayo ndani ya tope la maji ya chumvi, mizizi yake ikiwa nje kama miguu ya mtu aliyekunja suruali avuke mto. Mikoko ya Rufiji ni zaidi ya hekta 50,000, karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara. Ni msitu wa hifadhi tangu zamani. Kuikata bila kibali ni kosa.

Chini ya mizizi hiyo hukua kamba. Sisemi kamba ya kufungia mbuzi, bali yule mnyama mdogo wa baharini mwenye gamba na miguu mingi, ambaye wageni humlipia fedha nyingi. Kamba hutaga mayai baharini. Watoto wake huchukuliwa na maji kujaa mpaka ndani ya mikoko, wakajificha humo na kula, na wakishapata nguvu hurudi baharini. Wavuvi wa huko huwategemea, nao wana mashamba ya mpunga katika udongo uletwao na mto.

Katika miaka ya 1990 ikaja kampuni moja, African Fishing Company, mkuu wake Reginald John Nolan. Ikaomba Serikali ardhi ya kufugia kamba katika matawi hayo ya Rufiji, hekta 10,000, yaani kama ekari 25,000. Mtaji uliotajwa ulikuwa dola milioni 200 hivi. Ikasemwa kwamba litakuwa shamba kubwa la kamba kuliko yote duniani. Wananchi wakaahidiwa kazi, na taifa likaahidiwa fedha za kigeni. Nani atakataa kazi? Wanakijiji wengine waliupokea mradi kwa mikono miwili, nami siwalaumu.

Lakini wataalamu waliutazama wakatikisa vichwa. Shamba la namna hiyo huchimbwa mabwawa makubwa na kuvutiwa maji ya chumvi kwa mashine. Kamba hulishwa, hutiwa dawa, na maji machafu hurudishwa mtoni. Udongo wa mikoko una tabia yake pia: ukichimbuliwa na kupigwa na hewa, hugeuka mkali wenye asidi. Ugonjwa ukiingia bwawani, kamba wote hufa kwa siku chache, na mwenye bwawa huhama akachimbe jingine. Haya hayakuwa ya kubuni. Huko Bangladesh, msitu wa mikoko wa Chokoria ulikwisha karibu wote kwa ajili ya mabwawa ya kamba. Ekuador na Thailand nazo zilipoteza mikoko mingi kwa njia hiyo hiyo. Wavuvi wakabaki wakitazama maji.

Baraza la Taifa la mazingira, NEMC, lilishauri mradi ukataliwe. Hata hivyo, mwishoni mwa mwaka 1997 Baraza la Mawaziri liliukubali.

Hapa msomaji atauliza, yawezekanaje? Jibu ni kwamba wakati ule NEMC ilikuwa ya kushauri tu. Neno lake lilikuwa kama la mzee kwa kijana aliyekwisha kufunga mizigo.

Ndipo wanavijiji walipofanya jambo ambalo wakulima na wavuvi hawakulizoea. Wapatao 2,000 walikwenda Mahakama Kuu wakisaidiwa na wanasheria wa mazingira wa LEAT, na waandishi wa habari wakaipeleka habari yao mbali. Mambo yakavuta miaka. Fedha za mradi hazikupatikana kama ilivyotarajiwa, na shamba lile halikujengwa kamwe.

Je, ingalitokea leo? Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 iliandika kwamba mradi mkubwa wa namna hii lazima kwanza upimwe madhara yake, wananchi wasikilizwe, na cheti kitolewe kabla ya kazi kuanza. Tena ikaongeza neno zuri sana: mtu akiwa na leseni ya idara nyingine yo yote, leseni hiyo haimruhusu kuanza bila cheti. Mwaka huo huo Rufiji, Mafia na Kilwa ziliandikwa katika orodha ya Ramsar, ambayo ni mapatano ya mataifa ya kulinda ardhi oevu.

Si kwamba ufugaji ni adui wa hifadhi. Huko Fumba, Unguja, akina mama wamefuga chaza wa lulu katika ghuba ya Menai, nayo ni eneo la hifadhi. Chaza huning'inizwa kwenye kamba (safari hii ndizo za kufungia), na hakuna mti ukatwao.

Na sisi wa Katavi? Sheria hiyo hiyo inakataza shughuli za kuharibu ndani ya mita 60 toka ukingo wa mto au ziwa. Twaujua mto Katuma, jinsi maji yake yanavyopungua kiangazi, na mabanio ya mashamba ya mpunga yakiwa sababu mojawapo, hata viboko wa hifadhi wakasongamana topeni. Mtu akija kesho Kawajense na karatasi yenye mhuri, akitaka bonde kwa mabwawa ya samaki au kwa jambo lingine kubwa, mwenyekiti wa mtaa anaweza kumwuliza kwa upole: hii ni leseni, cheti cha mazingira kiko wapi? Na mkutano wa kutusikiliza ulifanyika siku gani?

Huko Rufiji, boti za Mafia bado huondoka Nyamisati, zikipita katikati ya mikoko.