Kusoma Mahubiri ya Unyamwezi: Utangulizi

Mwaka 1878 msafara wa kwanza wa Mapadre Weupe waliotumwa bara na Askofu Mkuu Lavigerie ulifika Tabora ukiwa na pengo: Padre Pascal, mkuu wa kundi lililokusudiwa kwenda Ziwa Tanganyika, alikuwa amefariki njiani. Waliosalia hawakufika ili kukaa. Baadhi walielekea Nyanza na Buganda, ambako Padre Lourdel angekuja kujulikana kama Mapeera. Wengine wakashika njia ya Ujiji. Tabora kwao ilikuwa njia panda, mahali pa kutafuta wapagazi wapya na kugawana mizigo. Nawaomba wasomaji wanaoingia katika uwanja wa kusoma mahubiri ya Unyamwezi waanze na jambo hilo. Kabla mji haujawa na kanisa, ulikuwa na watu waliokwisha kuwasikia wageni wengi, kila mmoja na maneno yake.

Uwanja wenyewe bado hauna jina rasmi. Unachunguza jinsi mapadre, makatekista na wanazuoni Wakatoliki walivyoisema imani mbele ya watu wa Unyamwezi, na jinsi watu hao walivyoipokea, kuipinga au kuigeuza. Mwanahistoria humwachia mwanateolojia kazi hii, naye mwanateolojia humrudishia mwanahistoria, ikabaki haina mwenyewe. Msimamo wangu nitausema mapema ili msomaji ajue anasafiri na nani: naamini kwamba katika nchi hii mahubiri yameumbwa na wasikilizaji kuliko wasemaji. Ukikusanya hotuba za maaskofu peke yake utapata kitabu kizuri cha maaskofu, basi.

Tazama Kanyenye. Ni kata ya Tabora, mji ambao ulikua pamoja na biashara ya misafara. Burton na Speke walipofika Kazeh, jina la zamani la mji huo, mwaka 1857 waliwakuta wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wamekwisha kuweka makazi na matembe yao. Swala na Ramadhani vilitangulia misa. Padre aliyesimama katika mitaa ya namna hii kuzungumzia Mungu mmoja, hukumu na sadaka hakuleta habari isiyosikika kamwe. Alijiunga na mazungumzo yaliyokuwa yakiendelea, tena kwa Kiswahili, lugha ambayo Waislamu walikuwa wameitumia kwa mambo ya dini muda mrefu kabla yake. Ndiyo maana sarufi ya Kiswahili ya Padre Delaunay, iliyotoka Paris mwaka 1885, ni chanzo cha historia ya mahubiri kama ilivyo chanzo cha historia ya lugha. Wanafunzi wangu huvipita vitabu vya aina hiyo wakikimbilia barua za maaskofu. Wanakosa mengi.

Kipalapala, kilomita chache kutoka mjini, inatupa somo gumu zaidi. Katika miaka ya 1880 Mapadre Weupe waliwalea hapo watoto waliokombolewa utumwani, na mwaka 1887 Askofu Livinhac alimweka wakfu Askofu Charbonnier mahali hapohapo. Mwaka 1889, baada ya uhusiano na Mtemi Isike kuharibika, misheni iliachwa. Tukio la kumweka wakfu askofu limeandikwa kwa fahari. Watoto je? Hao ndio waliokuwa wasikilizaji wa kila siku, na hawakuwa na mlango wa kutokea: hawangeweza kusema hawataki na kurudi kwao. Mtafiti anayelisifu neno lililohubiriwa Kipalapala bila kuuliza nani alikuwa huru kutolisikiliza hajaifanya kazi yake.

Baadaye mambo yalibadilika, na hapa katekista anaingia. Lavigerie aliagiza mafunzo ya miaka minne kabla ya ubatizo. Padre mmoja mwenye vigango vingi hangeweza kuwa na kila mkatekumeni miaka yote hiyo. Aliyefundisha, kuuliza na kuulizwa alikuwa mlei, mara nyingi jirani wa wanafunzi wake. Adrien Atiman ni mfano unaojulikana sana magharibi mwa Tanzania. Alizaliwa upande wa Timbuktu, akauzwa utumwani, akakombolewa, akasomea tiba Malta, kisha akatumwa Karema, ambako alikuwa tabibu na katekista hadi kifo chake mwaka 1956. Mgonjwa aliyekuja kwake na kidonda alisikia Injili kutoka kwa mtu aliyejua minyororo.

Wanazuoni nao walianza kwa kusikiliza. Padre Bösch alichapisha kitabu kikubwa juu ya Wanyamwezi mwaka 1930. Padre Aylward Shorter akaandika juu ya watemi wa Wakimbu. Lakini anayestahili muda wenu zaidi ni Padre Charles Nyamiti, aliyezaliwa Ndala mwaka 1931, akasoma seminari kuu ya Kipalapala, akaenda Louvain kwa udaktari, akarudi kufundisha Kipalapala kabla ya kuhamia Nairobi. Kitabu chake cha mwaka 1984 kinamweleza Kristo kama Mhenga, ndugu mkubwa aliyetangulia. Nyamiti hakutosheka na kufananisha juujuu. Aliuliza ni nini kinachomfanya marehemu awe mhenga: undugu na walio hai, hadhi aipatayo kwa kifo, mwenendo wa kuigwa, uwezo wa kuwaombea wazawa wake, na haki ya kukumbukwa nao. Kisha akapima, sharti kwa sharti, yanavyotimia kwa Kristo na yanapopitwa naye. Ni kazi ya mtu aliyejua Thoma wa Akwino na aliyejua pia kwa nini mzee wa Unyamwezi hutambika.

Amekosolewa, na kwa sababu nzuri. Wapo wanaoona kwamba mizani yake ni ya darasani mno, kwamba njaa na dhuluma havisikiki humo. Mimi nina swali jingine. Wanaojaza jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele katika miaka ya 1970, kwa sehemu kubwa ni akina mama. Wao ndio husoma Injili ya wiki, huieleza kwa majirani na kuamua ni tafsiri ipi inafaa kwa mgonjwa au mfiwa. Mhenga wa Nyamiti ni kaka. Bibi mzaa mama, ambaye jina lake mjukuu amelirithi, anaingia wapi? Anayetaka mada ya tasnifu aende kwenye jumuiya moja ya Tabora, akae nyuma, na asikilize akina mama wenyewe wanamtaja nani wanapowaombea marehemu wao.