Goti la bandia hukaa miaka mingapi?

Bi mkubwa mmoja wa Pwani aliyehamia Kaptembwo, Nakuru, ameambiwa abadilishwe goti. Auliza: litadumu? Utafiti wa jarida la Lancet, 2019, ulikadiria magoti 82 kati ya 100 hufika miaka 25. Lakini takwimu hizo ni za Australia na Ufini, si zetu. Kinacholika zaidi ni plastiki iliyo kati ya vyuma. Vumbi lake hudhoofisha mfupa, goti likalegea. Kutembea atatembea. Tatizo ni kulikunja: wengi hawakai tena tahiyatu, husali kitini, na hilo lajuzu. Choo cha kuchuchumaa cha ploti ndicho kitakachomtesa. Kabla ya kutia sahihi, amuulize daktari likilegea litabadilishwa wapi, kwa shilingi ngapi.